Dunia ya Kuazimwa: Kiingereza Kilikotoka na Kilio cha Washairi Wake wa Kwanza

Karibu na Norwich, mashariki ya Uingereza, mahali paitwapo Caistor, kulifukuliwa chungu cha kuhifadhia majivu ya maiti. Ndani yake mlikuwa na kifundo cha mguu wa mnyama paa kilichochongwa herufi sita za runi, alfabeti ya kale ya watu wa Ulaya ya kaskazini: raihan. Wasomaji wengi wa runi hulifasiri neno hilo kuwa "paa" au "cha paa". Kifundo hicho ni cha karne ya 5, na kilizikwa pamoja na vifundo vingine vingi, hasa vya kondoo, ambavyo pengine vilikuwa kete za mchezo. Hayo ni miongoni mwa maandishi ya awali kabisa ya lugha ya Kijerumaniki kupatikana kisiwani: kete ya mtu aliyekwishachomwa, yenye jina la mnyama ambaye ni mfupa tu.

Kiingereza hakikuzaliwa Uingereza. Kilivuka bahari na watu. Dola ya Kirumi iliacha kuitawala Britania karibu mwaka 410, na katika miongo iliyofuata wakaja watu kutoka pwani za Denmark ya leo, Ujerumani ya kaskazini na Uholanzi. Mtawa Bede, aliyemaliza historia yake mwaka 731, aliwagawa makundi matatu: Waanglo, Wasaksoni na Wajuti. Ujio wao aliuweka karibu mwaka 449. Mpango wake ni safi mno. Bede aliandika karibu miaka 300 baada ya tukio, na viongozi wawili wanaotajwa, Hengist na Horsa, wote majina yao yana maana ya farasi, jambo linalonukia hekaya kuliko sajili. Lakini uhamaji wenyewe si hekaya. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watu waliozikwa mashariki na kusini mwa Uingereza katika zama hizo walikuwa na wastani wa asilimia 76 ya nasaba yao kutoka bara, upande wa Bahari ya Kaskazini.

Wenyeji, Wabritania waliosema Kikelti, waliacha maneno machache mno katika lugha ya wageni. Majina ya mito yalibaki. Avon, kwa mfano, lilikuwa ni neno la Kikelti lenye maana ya "mto", kwa hiyo anayesema Mto Avon anasema Mto Mto. Neno walilopewa wenyeji wenyewe lilikuwa "wealh", yaani mgeni, na baadaye likachukua pia maana ya mtumwa. Kutokana na hilo limepatikana jina la Wales. Watu wakaitwa wageni kwao.

Tulishike hili kabla ya kuingia kwenye ushairi. Waanglo-Saksoni wanasifika kwa mashairi ya kuomboleza kilichopotea, na nchi waliyokaa wakiomboleza waliikuta ina wenyewe.

Lugha ya viambishi

Aliyesoma Kiingereza cha leo akifungua ukurasa wa Kiingereza cha Kale hataambulia kitu. Si tahajia tu. Sarufi ni nyingine. Nomino zilikuwa na jinsia tatu, na neno "wif", mwanamke, halikuwa la jinsia ya kike. Nani anatenda na nani anatendwa ilijulikana kwa umbo la maneno, hivyo mpangilio ulikuwa huru. "Se hund bat þone mann" ni "mbwa alimuuma mtu". Ukigeuza, "þone mann bat se hund", bado aliyeumwa ni mtu, kwa kuwa "þone" inamtambulisha mtendwa popote atakapokaa. Herufi þ, inayosomwa kama th, ilichukuliwa kutoka runi pale wamisionari waliotoka Roma mwaka 597 walipoleta alfabeti ya Kilatini na kukuta sauti ambazo Kilatini hakina.

Matini ya Kiingereza ya zamani kuliko zote tulizonazo ni sheria za Mfalme Æthelberht wa Kent, za karibu mwaka 600, zilizotufikia kwa nakala ya karne ya 12. Ni orodha ya fidia. Jicho lililotobolewa, shilingi 50. Kidole gumba, shilingi 20. Neno ni lilelile, "scilling", lililokuja kufika Afrika Mashariki na sarafu ya kikoloni na likabaki kwenye noti zetu.

Waviking walipoanza kushambulia (Lindisfarne iliporwa mwaka 793) kisha wakakaa kaskazini na mashariki, lugha yao, Kinorsi, ilichanganyika na Kiingereza na hata viwakilishi vya "wao" vikabadilishwa. Viambishi vikaanza kupukutika. Wanormani walipoiteka nchi mwaka 1066, Kifaransa kikashika baraza na Kilatini kikashika hati. Kumbukumbu za mwaka kwa mwaka zilizoandikwa kwa Kiingereza huko Peterborough zinakoma mwaka 1154.

Vina vya mbele

Mshairi wa Kiswahili anaujua mshororo uliokatwa katikati, ukwapi na utao, na vina vinavyokaa mwishoni mwa kila kipande. Mshairi wa Kianglo-Saksoni naye aliukata mshororo vipande viwili, ila vina vyake alivifunga mbele ya maneno. Kila kipande kina silabi mbili zenye mkazo, jumla nne. Ya tatu ndiyo ufunguo: sauti inayoianza lazima ilingane na ya kwanza, au ya pili, au zote mbili. Ya nne haipaswi kulingana. Irabu yoyote inalingana na irabu yoyote, lakini "sp", "st" na "sc" kila moja hulingana na yenyewe tu. Idadi ya silabi zisizo na mkazo hupanda na kushuka, kwa hiyo mizani kwa maana yetu haimo.

Mfano kamili ni huu, kutoka shairi linaloitwa Mzururaji:

baþian brimfuglas, || brædan feþra

"Ndege wa baharini wanaoga, wanatandaza manyoya." B, b, kisha b, halafu f. Tukijaribu kwa Kiswahili tunapata kitu kama "taa na tanga || tumetupa mbali". Mikazo inaangukia ta, ta, tu na mba. Angalia kwamba ile tu- ya kwanza katika "tumetupa" haihesabiki. Ni kiambishi, haina mkazo. Na hapa ndipo mbinu hii inapogoma kwetu. Lugha yenye ngeli hurudia sauti za mwanzo bure, watu wazuri walikuja wakaondoka, hata bila mtu kutunga. Kwao ilikuwa kinyume: sauti za mwisho ndizo zilizojirudia bure kwa sababu ya viambishi tamati, na mkazo uliangukia mwanzo wa mzizi. Kina cha mwisho kingekuwa rahisi kupita kiasi.

Sheria hiyo inamlazimu mtunzi awe na majina mengi ya kitu kimoja, kila moja likianza na sauti yake. Ndiyo asili ya majina ya mafumbo: bahari ni njia ya nyangumi, mwili ni nyumba ya mifupa, bwana ni rafiki wa dhahabu. Huo ni ufundi wa lazima kabla haujawa pambo.

Nani alipoteza nini

Maelezo ya kawaida ni kwamba mashairi haya yana huzuni kwa sababu ya baridi, au kwa sababu ya tabia ya watu wa kaskazini. Maelezo hayo hayasaidii. Mzururaji lina mishororo 115, na kilio chake kina anwani: mtu amemzika bwana wake na hana mwingine.

Neno la bwana lilikuwa "hlaford", lililotokana na "hlafweard", mlinzi wa mkate. Mkewe ni "hlæfdige", mkandaji wa mkate. Katika sheria za Æthelberht mtu aliye chini ya mwingine anaitwa "hlafæta", mla mkate. Uhusiano wote umo kwenye unga. Bwana alitoa chakula, silaha, pete za dhahabu na mahali pa kukaa ukumbini. Mtu wake alitoa mwili wake vitani. Ukiuawa, thamani yako ilidaiwa, na katika ufalme wa Wessex mkulima huru alikuwa wa shilingi 200 na mtu wa cheo shilingi 1,200. Lakini lazima awepo wa kudai.

Mfalme Æthelstan, karibu mwaka 930, alitoa sheria juu ya watu wasio na bwana. Ndugu wa mtu kama huyo waliagizwa wamtafutie bwana. Wakishindwa kumleta siku iliyowekwa, basi yuko nje ya sheria, na yeyote atakayekutana naye anaweza kumuua kama mwizi. Soma tena Mzururaji ukiwa na sheria hiyo kichwani. Upweke wake ni hatari ya maisha.

Kipande chenye nguvu kuliko vyote, kwa maoni yangu, kinatumia mishororo minane tu. Mtu analala akiwa amechoka, peke yake kwenye chombo. Anaota kwamba anamkumbatia bwana wake na kumbusu, kisha anaweka mikono na kichwa magotini pake, kama zamani alipopokea zawadi mbele ya kiti. Anaamka. Mbele yake mawimbi ya rangi ya majani makavu, ndege wanaooga, na theluji ikianguka imechanganyika na mvua ya mawe. Ndege wale wa mshororo wa juu ndio hawa. Mshairi hasemi kwamba mtu anasikitika. Anaonyesha ndege wakitandaza manyoya, wasiojua habari za mtu.

Baadaye yanakuja maswali mashuhuri. Kwa tafsiri yangu:

Farasi kaishia wapi? Kijana kaishia wapi? Kaishia wapi mgawa hazina?
Viti vya karamu viliishia wapi? Shangwe za ukumbini ziko wapi?
Ole, kikombe kiangavu! Ole, askari wa deraya!
Ole, fahari ya bwana! Wakati ule ulivyokwenda,
ukafifia chini ya chapeo ya usiku, kana kwamba haukuwahi kuwapo.

Wafasiri wengi huandika "yuko wapi" kote. Kitenzi "cwom" ni "alikuja, alifika". Mshairi anauliza njia iliishia wapi, na anabadili kuwa "ziko wapi" pale tu anapofika kwenye shangwe. Pia shangwe hizo, "seledreamas", zimewapotosha wengi, kwa kuwa "dream" katika Kiingereza cha Kale lilitumika kwa furaha na muziki. Ndoto ilikuwa na neno lake jingine.

Azima na hati

Karibu na mwisho shairi linatoa hesabu:

Her bið feoh læne, her bið freond læne,
her bið mon læne, her bið mæg læne.

"Hapa mali ni ya kuazimwa, hapa rafiki ni wa kuazimwa, hapa mtu ni wa kuazimwa, hapa ndugu ni wa kuazimwa." Kamusi nyingi hueleza "læne" kwa maneno ya jumla: ya kupita, isiyodumu. Ni kweli, lakini neno linahusiana moja kwa moja na "læn", yaani azima, na hilo ni neno la mikataba ya ardhi. Oswald, askofu wa Worcester kuanzia 961 hadi 992, aliwapa watu mashamba ya kanisa kwa masharti hayo, mara nyingi kwa maisha ya watu watatu: mpokeaji, na warithi wawili baada yake. Wa tatu akifa, ardhi inarudi. Kinyume chake kilikuwa "bocland", ardhi ya hati, inayomilikiwa moja kwa moja na kurithishwa.

Kwamba watu wa wakati huo waliona uhusiano huo si kubahatisha kwangu. Utangulizi wa kitabu kimoja kilichotafsiriwa kwa jina la Mfalme Alfred, aliyetawala kuanzia 871 hadi 899, unasema mtu hujenga nyumba kwenye ardhi ya kuazimwa, kwa msaada wa bwana wake, akitumaini siku moja atapewa ardhi ya hati na urithi wa milele. Dunia ni shamba la mkataba, mbingu ni hatimiliki.

Hapa Kiswahili kinatubeba vizuri. Anayekopa hurudisha mfano wa alichochukua. Anayeazima hurudisha kitu chenyewe. Rafiki aliye "læne" anarudishwa yeye mwenyewe. Ndiyo maana tafsiri ya "kukopa" ingeharibu mshororo.

Neno jingine la hatari ni "wyrd", ambalo tafsiri hulipa jina la Majaliwa kwa herufi kubwa, kama mungu wa kipagani. Limetokana na kitenzi "weorþan", kuwa au kutokea. Linatajwa mwanzoni mwa Mzururaji, na hapo "litokealo" linatosha. Watunzi wa nakala tulizonazo walikuwa Wakristo, au angalau waandishi wao walikuwa watawa, na kuwasaka wapagani nyuma ya kila neno kumepoteza muda mwingi wa wasomi.

Si wote wanaolia ni wanaume. Shairi la mishororo 53 linaloitwa Maombolezo ya Mke linajitambulisha kwa sarufi: msemaji anasema yu "geomorre", mwenye majonzi, na anataja safari yake "minre sylfre". Mwisho wa -re ni wa kike. Kiswahili hakina njia ya kubeba hilo, mfasiri inabidi aongeze neno. Amewekwa akae kwenye shimo la ardhi chini ya mwaloni, mume hayupo, na ana neno la peke yake kwa hali yake: "uhtceare", majonzi ya saa ile ya mwisho ya usiku kabla hakujapambazuka.

Kazi ya majitu

Kuna shairi jingine, fupi kuliko mishororo 50, linaloitwa Gofu. Halina mtu anayelia. Lina ukuta. Jiwe la ajabu limevunjwa na yaliyotokea, paa zimeanguka, minara imeporomoka, jalidi imeshika kwenye chokaa. Ukuta una mvi za kuvu na madoa mekundu, umeziona falme zikipokezana. Waliojenga wameshikwa na kumbato la ardhi. Kisha panatajwa bafu na mkondo wa maji ya moto, na kwa sababu hiyo wengi huamini ni mji wa Bath, ambako Warumi walijenga juu ya chemchemi yenye joto la nyuzi 45 hivi.

Mshairi anaiita kazi hiyo "enta geweorc", kazi ya majitu. Waanglo-Saksoni walijenga kwa mbao. Hata kumbi za kifalme zilizofukuliwa Yeavering, Northumberland, zimeacha mashimo ya nguzo ardhini na si kuta. Kwa mtu wa nyumba ya mbao, jiwe lililochongwa na kufungwa kwa chuma lilihitaji maelezo.

Msomaji wa utenzi wa Al-Inkishafi ataona mara moja undugu: majumba matupu, sauti zilizokatika, fahari iliyokwisha. Tofauti ndiyo inayonivutia zaidi. Mtunzi wake, Sayyid Abdalla, anauhutubia moyo wake mwenyewe juu ya magofu ya Pate, miji ya watu wake. Mshairi wa Gofu anawalilia wenye nyumba ambao hakuwajua, katika nchi ambayo wazee wake waliingia baada ya wenye nyumba kuondoka.

Kilichosalia

Ushairi wote wa Kiingereza cha Kale uliosalia ni mishororo kama 30,000, karibu yote katika vitabu vinne. Mzururaji, Gofu na Maombolezo ya Mke vimo katika kitabu kimoja ambacho Askofu Leofric, aliyefariki mwaka 1072, aliliachia kanisa kuu la Exeter. Orodha ya zawadi zake inakitaja kama kitabu kikubwa cha Kiingereza juu ya mambo mbalimbali. Baadaye mtu alikitumia kama ubao wa kukatia, chombo chenye majimaji kikawekwa juu yake, na kitu cha moto kikatoboa kurasa za mwisho. Gofu limo kwenye kurasa hizo. Shairi juu ya kuta zilizotoboka limetoboka lenyewe, na wahariri huweka nukta mahali pa maneno. Majina ya mashairi hayamo kitabuni; yaliwekwa na wahariri wa zama zetu, kwa hiyo usijenge hoja juu ya neno "mzururaji".

Kitabu hichohicho kina vitendawili zaidi ya 90. Kimoja, cha mishororo sita, kinasimulia juu ya nondo aliyekula maneno: mwizi wa gizani aliyemeza hotuba ya mtu, na hakupata hekima hata chembe. Jibu ni mdudu wa vitabu.

Beowulf, shairi refu la shujaa lenye mishororo 3,182, liliponea chupuchupu moto wa tarehe 23 Oktoba 1731 katika jumba la Ashburnham, London. Kingo za kurasa ziliungua na zikaendelea kumeguka miaka mingi baadaye, kiasi kwamba nakala zilizoandikwa kwa mkono miaka ya 1780 zina herufi ambazo leo hazipo kwenye kitabu chenyewe. Shairi la vita vya Maldon, vya mwaka 991, liliteketea usiku huo. Tunalo kwa kuwa mtu alikuwa amelinakili miaka michache kabla, nalo wakati huo lilikuwa tayari halina mwanzo wala mwisho.

Karne ya 13, huko Worcester, palikuwa na mtawa ambaye mkono wake ulitetemeka. Hatujui jina lake. Wasomi humtambua kwa mwandiko huo uliopindapinda. Alipitia vitabu vya Kiingereza cha Kale na kuandika Kilatini juu ya maneno, kwa maelfu, kwa sababu wenzake hawakuyaelewa tena. Alinakili pia shairi fupi linalotaja Bede na maaskofu waliowafundisha watu kwa Kiingereza, kisha linasema: "nu is þeo leore forleten, and þet folc is forloren", sasa mafundisho yameachwa, na watu wamepotea. L kwa l, f kwa f, vina bado viko mbele. Kurasa alizoandikia shairi hilo zilikatwa na kutumiwa kukazia jalada la kitabu kingine, na humo ndimo zilimokutwa katika karne ya 19.